Siku Baba Alipofungua Difu

Koti la mvua la baba bado linanuka. Mama hakukubali lifuliwe, na tulipogawana nguo zake baada ya arobaini alilikunja akaniwekea mapajani. Ni koti la turubai, la kijani kilichopauka, na ndani ya kola yake kuna harufu mbili ambazo sijawahi kuzikuta pamoja mahali pengine: oili nzito ya gia na udongo wa mfinyanzi uliolowa. Nililibeba hadi Masasi, ninakoishi na watoto wangu, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Mwanangu wa mwisho aliuliza kama mwenye koti alikuwa fundi. Nikamwambia hapana, babu yako alikuwa dereva. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nilibaki pale pale, uso wangu umezama kwenye kola ile, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikalia kama inavyopasa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Newala mnakumbuka barabara ilivyokuwa kabla ya lami. Siku hizi unatoka Kitangari kule chini, unapandisha, na kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako uko Makote. Wakati wetu kupanda ule mlima ilikuwa safari yenye nia. Sisi tuliuita Namkongwe. Wakati wa kiangazi kina mama waliupanda wakiwa na ndoo za maji kichwani, maana maji yalikuwa chini na watu walikuwa juu, na vumbi jekundu liliwafika magotini. Wakati wa masika mlima uligeuka kitu kingine. Katikati yake ulipita mkanda wa udongo wa kijivu, ule ule ambao bibi zetu waliuchimba kufinyangia vyungu, na mvua ikiupata ulikuwa unateleza kama mlenda. Hapo hapo barabara ilikuwa imelala upande, imeinamia korongo. Watu waliotembea kwa miguu walipita wakishikana mikono. Magari mengi yaliishia chini, yakasubiri jua.

Gari la baba halikusubiri. Lilikuwa la kituo cha afya cha Kitangari, jeupe, refu, lile la aina ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya bomba linalopanda ubavuni mwa kioo. Lilikuwa limetoka nchi ya baridi. Juu ya kioo cha mbele, kwenye kile kibao cha kuzuia jua, kulikuwa na picha ndogo iliyobandikwa: gari kama letu likipita mahali peupe pote, miti myeupe, barabara nyeupe. Mimi niliamini ni nchi ambako watu huanika unga wa muhogo njiani, na nilimuuliza baba kwa nini wanaukanyaga.

"Si unga," baba aliniambia. "Ni theluji. Barafu inayoanguka kama mvua. Yule mzungu aliyelileta gari ndiye aliyenifundisha kuliendesha. Alisema kwao barabara inakuwa kama kioo. Nikampeleka Namkongwe siku ya mvua. Alishuka, akapiga hatua mbili, akaanguka chali. Alipoinuka akaniambia, hapa ni nyumbani kwetu, tofauti ni rangi."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini juu ya gari lile aliweza kuzungumza mpaka ugali ukapoa. Alinieleza jambo moja ambalo lilinikaa moyoni kuliko yote. Karibu na usukani kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, na hicho ndicho kilichofunga difu, ile mashine ya chini inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu. Aliweka ngumi zake mbili mezani, moja kushoto na moja kulia. "Gari likiwa wazi," alisema, "gurudumu hili likikosa pa kushika linazunguka bure, na nguvu yote inakwenda huko huko. Lile jingine linasimama tu, linamtazama mwenzake." Akazungusha ngumi moja, nyingine ikatulia. Halafu akazibana ngumi zote mbili pamoja. "Nikifunga, zinakuwa kitu kimoja. Haliendi moja likaliacha jingine."

"Hakuna linaloachwa?" nikauliza.

"Hakuna linaloachwa."

Nilikuwa bado sijaanza darasa la kwanza. Maneno ya watu wazima niliyapokea yakiwa mazima, kama mtu anavyomeza mbegu ya pera. Nikaelewa kwamba ndani ya gari la baba kulikuwa na kitu ambacho kikizungushwa, hakuna mtu wa humo ndani awezaye kwenda peke yake. Na ilikuwa rahisi kuamini, kwa sababu wagonjwa wengi aliowachukua walirudi. Niliwaona. Walipita nyumbani kwetu Makote wakiwa na kuku au fungu la mbaazi, wakamwambia mama, "Mwambie Baba Hamisi tumefika salama." Hamisi ni kaka yangu, wakati huo alikuwa anasoma bwenini. Mama aliwapokea, akawapa maji ya kunywa, na mimi nikiwa nimekaa kizingitini nilijua siri ya kupona kwao.

Baba alikuwa na dada mmoja tu, shangazi Somoe, aliyeolewa Kitangari na bwana mmoja anaitwa Athumani, mkulima wa korosho. Kwa kimo alikuwa mfupi, na kicheko chake kilikuwa kinene kama cha mwanamume. Masika yale alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na ilipokuwa kubwa mama alinipeleka nikakae naye, nimsaidie kuchota maji na kufagia. Bibi, mama yao baba na shangazi, naye alishuka kutoka Mnyambe kungoja mjukuu. Nadhani zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Shangazi alinilaza kando yake, akauweka mkono wangu tumboni pake nimsikie mtoto anavyojigeuza. Aliniambia, "Huyu atakuwa wa baba yako kuliko wangu. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba." Nikaona wivu kidogo, nikauondoa mkono. Akacheka kicheko chake kile, akaurudisha.

Uchungu ulimshika jioni moja, mvua ikinyesha. Asubuhi ulikuwa bado umemshika, na Nesi Sesilia, aliyekuwa mkunga wa kituo, alipokuja kumtazama alitoka chumbani uso umebadilika. Alimwambia Athumani mtoto amelala vibaya, apelekwe hospitali ya mjini akapasuliwe, na asingoje. Athumani alikimbia kituoni kumwita baba. Nilisikia mlio wa gari kabla sijaliona, nikatulia kabisa. Nilimwona Bibi akitetemeka nikamwonea huruma kwa sababu hakuwa anajua ninachojua.

Walimlaza shangazi nyuma, juu ya godoro. Bibi alikaa kichwani pake, Nesi Sesilia miguuni. Athumani alikaa mbele na baba. Mimi hapakuwa na wa kubaki naye, nikabanwa pembeni ya godoro, shangazi akanishika mkono. Nguo yake ilikuwa imelowa jasho. Aliangalia miguu yangu akasema, "Usiiweke hapo, maji yanaingia mlangoni. Utapata mafua." Alisema hivyo kwa sauti ya kila siku, kama vile tulikuwa tunakwenda gulioni.

Chini ya mlima baba alishuka kwenye mvua, akazifunga kwa mkono hab, zile kofia za katikati ya magurudumu ya mbele ili nayo yavute, akarudi ndani koti likitiririka maji, akaingiza ile gia ndogo ya nguvu. Tulianza kupanda taratibu. Palikuwa na shimo refu lililochimbwa na malori, na gari liliingia humo, likazama upande mmoja, likasimama huku gurudumu likilia. Athumani alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Baba akakizungusha kile kitufe. Kilitoa sauti ndogo, taa nyekundu ikamulika kidogo ikatulia. Gari likatikisika mara moja, kisha likainuka kutoka shimoni kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti. Sikushangaa hata kidogo. Nilimbana shangazi mkono nikamwambia, "Baba amefunga." Shangazi alifumbua macho akasema, "Vizuri, mwanangu."

Kisha tukafika kwenye ule mkanda wa udongo wa kijivu, pale barabara ilipolalia korongo. Baba akasimamisha gari. Alitazama mbele kwa muda, wiper zikienda na kurudi. Halafu akanyoosha mkono, akakirudisha kile kitufe mahali pake pa mwanzo. Taa ikazimika.

Athumani aliona. "Shemeji, unafungua?"

"Nafungua."

"Funga, shemeji. Ndiyo imetutoa kule chini. Funga."

"Hapa nafungua," baba alisema, na hakumtazama.

Gari likaanza kutambaa. Gurudumu moja lilizunguka bure, likapiga kelele, likarusha matope mpaka juu ya paa. Tukaenda kidogo, tukasimama. Baba akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, tukasimama tena. Akashuka pamoja na Athumani, wakakata matawi ya mkorosho uliokuwa juu ya ukingo, wakayatandika mbele ya magurudumu, wakarudi wakiwa wamejaa udongo hadi kiunoni. Tukasogea. Tukasimama. Wakatandika tena. Nilisikia Bibi akinong'ona, "Nnungu wangu, Nnungu wangu," akimwita Mungu kwa Kimakonde, kama mtu anayebembeleza mtoto. Na katika mojawapo ya zile nyakati za kusimama, mkono wa shangazi uliokuwa umeushika wangu ulilegea, ukaniachia.

Hakuwa amekufa. Nesi Sesilia alimpiga-piga shavuni, akafumbua macho, akayafumba. Lakini mimi nilikuwa nimeuona mpangilio wa mambo kwa macho yangu mwenyewe. Kitufe kilirudishwa, na baada ya hapo mkono ukaachia. Tulipovuka pale mahali na gari likashika njia nzuri ya juu, nikalitazama lile koti la kijani, nikajua kwamba baba amemruhusu shangazi aende peke yake.

Mtoto alitolewa akiwa hai. Mchana ule ule, tukiwa tumekaa kwenye baraza la hospitali, muuguzi mmoja alitoka akatuambia ni msichana na kwamba madaktari wanaendelea na mama yake, damu haijataka kukata. Bibi akainua mikono. Sisi wengine tulikaa. Mvua ilikuwa imeacha, na jua likatoka kali, likaanika matope yaliyokuwa kwenye suruali ya baba yakageuka meupe, yakaanza kupasuka. Alipotoka tena yule muuguzi alikuwa na daktari, na daktari alikuwa amevua kofia yake. Wakati ule sikujua maana ya kuvua kofia. Nilijua kwa kilio cha Bibi.

Athumani hakulia. Aliteremka chini ya baraza, akakaa mchangani, akamwangalia baba akasema polepole, "Nilikuambia funga. Kwa nini ulifungua?" Athumani akasema tena, "Kwa nini ulifungua?" Watu waliokuwa pale waligeuka kutazama. Baba alisimama pale mikono ikining'inia, na kwa kuwa hakujibu, nami nikaona kwamba hakuna la kujibu.

Tulimzika shangazi Kitangari kesho yake. Baada ya mazishi baba alirudi kazini, akawa anapandisha na kushusha Namkongwe kama kawaida, lakini kwa Athumani hakutia mguu. Bibi alibaki kule kumlea mtoto kwa maziwa ya kopo na uji mwepesi. Ujumbe ulikuja mara kadhaa kwamba mjomba aje amwone mwanawe. Baba alisema atakwenda. Mama alimfungia nguo za mtoto kwenye kanga, akamwekea mlangoni, na kanga ile ilikaa pale pale, tukawa tunaipita kama jiwe la kizingiti.

Na mimi nilikuwa na mambo yangu. Baba akirudi jioni nilitoka kwenda kwa jirani. Akikaa kula nilisema nimeshiba. Sikumchukia, nakumbuka vizuri kwamba haikuwa chuki. Nilimwogopa, kama unavyomwogopa mtu uliyemwona akifanya jambo ambalo wengine hawajui uzito wake. Nililala nikiwa nimemshika mama kanga, nikafunga fundo kati ya nguo yake na yangu. Mama alilifungua kila alipoamka kuwasha moto, mpaka asubuhi moja akaniuliza fundo hilo ni la nini. Nikamwambia. Nilimweleza yote, ngumi mbili mezani, kitufe, mkono wa shangazi, na kwamba baba ndiye aliyemfungulia.

Mama hakunikemea. Alikaa karibu na mafiga huku moshi ukimwingia machoni, akasema, "Haya. Nimesikia." Najua sasa kwamba alimwambia baba siku ile ile, maana baba alikaa nje peke yake mpaka chai yake ikaingia nzi.

Baada ya siku chache kulikuwa na chanjo za kupeleka Kitangari. Asubuhi baba alikuja nilipokuwa nachezea majivu, akanichuchumalia. Hakuwa na kawaida ya kuchuchumaa mbele ya watoto. "Vaa viatu," alisema. "Twende wote."

Nilimtazama mama. Mama akatikisa kichwa kwamba niende, akaichukua ile kanga ya nguo za mtoto, akaitia garini mwenyewe, kwenye kiti cha nyuma, na akafunga mlango kabla baba hajasema lolote.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ilikuwa imetulia. Tulipoanza kuteremka Namkongwe alikwenda taratibu sana, tukapita ule mkanda wa kijivu bila kusimama, na chini yake, mahali ambapo barabara bado imelala upande lakini pembeni kuna shamba la mikorosho badala ya korongo, akasimamisha gari. Aligeuza kichwa akanitazama.

"Mama yako ameniambia," alisema. "Mimi sijui kueleza vizuri. Nitakuonyesha. Jishike hapo, usiogope. Pale kwenye mikorosho ndiko tutakakoishia, hatutaumia."

Akageuza gari, likatazama juu ya mlima. Akakizungusha kitufe. Taa nyekundu ikawaka. "Nimefunga," alisema. "Umeona? Sasa magurudumu yote yanakwenda pamoja."

Akaondoka polepole. Kwa hatua chache za mtu gari lilipanda vizuri. Halafu nikahisi sehemu ya nyuma ya gari ikiachia ardhi. Haikuruka, haikupiga kelele. Iliteleza kimya kimya kuelekea bondeni, kama sahani inavyoteleza kwenye meza iliyoinama. Baba alizungusha usukani, na gari halikumsikia. Tulikwenda ubavu ubavu, tukashuka barabarani, tukaegemea tuta la shamba, tukasimama tukiwa tumeinama upande. Majani mabichi ya mkorosho yakaanguka juu ya paa.

Nilikuwa nalia. Baba alizima injini.

"Yakiwa yamefungwa," alisema, "likiteleza moja yanateleza yote. Hakuna linalobaki limeshika ardhi. Yule mzungu aliniambia kwao watu wanaingia mitaroni hivi hivi, kwenye ile barafu. Shimoni ukifunga unatoka. Penye mlalo kama hapa ukifunga unakwenda pembeni." Akainua ngumi moja. "Nikiacha wazi, moja linateleza, linazunguka bure, linapiga kelele, linakutia wasiwasi. Lakini mwenzake yupo, ameshika. Ndilo linalokuzuia usiende pembeni. Siku ile pembeni palikuwa korongo. Mlikuwa ndani wote. Wewe, Bibi, Nesi, shemeji, na yeye na mtoto."

"Ungefunga tungekwenda na shangazi?" nikamuuliza.

"Tungekwenda wote," baba alisema. "Na mtoto pia."

Nikafikiri juu ya hilo. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba nimeambiwa jambo kubwa, na kwamba lile neno lililonifariji, kwamba hakuna anayeachwa, lilikuwa na upande mwingine ambao baba alikuwa anaujua siku zote na mimi sikuwa naujua.

Sikujua kama kuna zaidi. Baba alikuwa ameweka mikono juu ya usukani, anatazama tope kwenye kioo. "Tulichelewa," alisema, na sauti yake haikuwa ya kuzungumza na mtoto. "Hilo nalijua. Yale matawi yalikula muda wetu. Daktari aliniambia hata tungefika mapema ingekuwa vile vile. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia." Akashusha pumzi. "Nimelifikiria kila ninapopita hapa. Kila siku nafika mahali pale pale, na kila siku nafungua."

Nilisogea nikaegemeza kichwa kwenye koti lake. Lilikuwa baridi na limelowa. Tukakaa hivyo mpaka watu wawili waliokuwa wakipalilia shamba la chini walipofika na majembe kutusaidia. Walimwamkia baba, wakashangaa dereva kama yeye kuingia shambani kwa watu mchana kweupe. Baba akawaambia tu kwamba ameteleza.

Kitangari, baada ya kuacha chanjo kituoni, baba alisimamisha gari njia panda. Angeweza kugeuza, na nadhani alitaka kugeuza, maana mkono wake ulikuwa tayari kwenye gia. Nikasema, "Nguo za mtoto zipo nyuma." Akageuka akaitazama kanga, kama vile hakuwa amejua kwamba ipo. Akakata kona ya kwenda kwa Athumani.

Bibi alikuwa uani, amempakata mtoto. Athumani alikuwa barazani akitia mpini kwenye jembe. Alipotuona aliacha kugonga, lakini hakuinuka. Baba akamwamkia mama yake shikamoo, Bibi akaitikia marahaba. Baba alisimama na kanga mkononi kama mgeni asiyejua pa kuketi.

Mimi sikuwa na aibu hiyo. Nilikimbilia kwa Bibi, nikamwamkia, na kabla hajamaliza kuitikia nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwa sauti kubwa, kwa sababu Bibi alikuwa hasikii vizuri upande mmoja. Nilimwambia baba amefunga difu nikaona, gari likaenda lenyewe upande mpaka kwenye mikorosho, na kwamba pale juu kuna korongo wala hakuna mikorosho, na ukifunga wote mnakwenda, na baba ndiyo maana alifungua, ili gurudumu moja lishike. Nilimwonyesha kwa ngumi zangu mbili. Bibi alikuwa ananitazama mimi, kisha akawa anatazama nyuma yangu, barazani. Sikusikia tena sauti ya kugonga mpini.

"Baba Hamisi," Bibi alisema hatimaye. "Mikono yangu imechoka. Mchukue mwanao."

Baba aliweka kanga chini. Alivua lile koti kwa sababu lilikuwa na matope, akafuta mikono kwenye shati, akampokea. Mtoto alikuwa mdogo sana, ana nywele nyingi, na alipobadilishwa mikono alikunja uso, akapiga kelele nene ambayo haikufanana na mwili wake. Baba akashtuka. Alimtazama Bibi, na Bibi akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni sauti ya mama yake. Baba akaanza kutembea naye, kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mfenesi na kurudi, huku midomo yake ikisema maneno ambayo sikuyasikia. Alitembea hivyo mpaka kelele zikapungua, na hata zilipokwisha hakuacha kutembea.

Athumani alishuka barazani. Nilidhani anamfuata baba, nikaogopa, lakini alipita, akaenda mpaka kwenye gari. Aliokota kijiti, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kuchokoa udongo wa kijivu uliokuwa umejaa kati ya meno ya tairi. Alichokoa kwa utulivu, tairi moja, kisha la pili, na vipande vikawa vinaanguka chini kama vigae. Baba alisimama kwa mbali, mtoto begani, anamtazama.

"Mvua inarudi," Athumani alisema bila kugeuka. "Msikawie sana."

"Hatutakawia."

Athumani akachokoa tena kidogo. "Ukifika pale penye mlalo, shemeji." Kijiti kilivunjika, akakitupa, akaokota kingine. "Ifungue."

"Nitaifungua," baba alisema.